Maziwa ya Ng'ombe wa Selina

Siku ya kwanza Alute alipokataa maziwa, mama yake, Redempta, alidhani ameshiba. Siku ya pili alidhani amenuna, maana kijana wa umri ule anaweza kununa hata kwa sababu jua limechomoza upande uleule wa jana. Lakini mwezi uliandama, ukapevuka, ukafa, ukaandama mwingine, na kibuyu chake bado kilikuwa kinarudi kama kilivyokwenda. Hapo Redempta akaacha kudhani, akaanza kuogopa.

Alute hakuwa mtoto wa kubembelezwa. Ndevu zilikuwa zimeanza kumchungulia kidevuni, na vijana waliotahiriwa pamoja naye walikuwa tayari wanajadili mabinti wa watu. Kazi alikuwa anaifanya. Alifungua zizi asubuhi, akawatoa ng'ombe, akawarudisha jua likizama, na hakuna hata ndama mmoja aliyepotea. Ila alikuwa haongei. Ukimsalimu ataitikia, ukimtuma atakwenda, lakini neno lake mwenyewe, la kutoka moyoni bila kuulizwa, lilikuwa halijasikika ndani ya tembe lile tangu uwele ulipoanza kukomaa. Ugali aliumega, akauviringa kiganjani mpaka ukapoa, kisha akaurudisha pembeni ya bakuli la mlenda akidhani hakuna anayemwona. Mama yake alikuwa anamwona.

Gasto, baba yake, hakuwa mtu wa kukaa na tatizo akilitazama. Kwanza alimpeleka kwenye zahanati ya misheni. Dresa wa pale, Urbano, alimtazama ulimi, akamfunua kope, akasema hana homa, akampa dawa ya minyoo. Dawa ilifanya kazi yake barabara. Alute alishinda vichakani, akarudi mkimya kuliko alivyokwenda. Kisha akaitwa mganga wa jirani, akala beberu mzima, akasema kijana amerogwa na mtu mfupi. Watu wafupi walikuwa wengi pale Mtinko, kwa hiyo uchunguzi uliishia hapo.

Ndipo Gasto akasikia habari za mzee mmoja wa Kintinku. Mzee huyo, walisema, aliwaponya vijana walioingiwa na ububu. Alimfunga mgonjwa mguu kwenye mkatale, gogo zito lililotobolewa tundu la kupitisha kifundo, akamvukiza moshi wa mizizi, akamwacha hapo bila chakula mpaka apige kelele. Akipiga kelele, amepona. Waliowahi kuwaona wagonjwa wale walisema kweli wengi hupiga kelele, na wengine hawajaacha mpaka leo, lakini hilo Gasto hakutaka kulisikia. Alitangaza kwamba wakishamaliza tu kupura, yeye na mwanawe watapanda lori la Mwarabu mpaka Manyoni, wapande treni, washuke Kintinku.

Sasa, jambo ambalo kila mtu mle ndani alilijua, na hakuna aliyelisema, ni kwamba ukimya wa Alute ulianza juma lile lile alipoolewa dada yake.

Selina ndiye aliyembeba Alute mgongoni wakati mama yao alipokuwa analima. Ndiye aliyemfundisha kuchunga mbuzi, na baadaye alipofuzu kuchunga ng'ombe, ndiye aliyekuwa anamwekea ukoko wa ugali. Aliolewa na kijana mpole wa Misigiri, huko Iramba, aitwaye Laurenti, na ng'ombe wa mahari wakaja wakajaza zizi. Kwa bahati, au kwa balaa, ng'ombe wa zamani wa Gasto walikuwa wamekauka viwele. Maziwa yote ya nyumba ile yalikuwa maziwa ya ng'ombe wa Selina.

Na katika ukoo wao kulikuwa na mwiko. Binti akishaolewa, mpaka atakapojifungua mtoto wa kwanza, waliobaki nyumbani hawamlilii, hawamtaji jina, wala hawathubutu kusema kwamba wamemkumbuka. Iliaminika kwamba hamu ya watu wa kwao humvuta bibi harusi kama kamba inavyomvuta ndama. Atarudi, ndoa itavunjika, na ng'ombe watarudishwa walikotoka. Kwa hiyo Redempta, ambaye watu walikuwa wamemwita Mama Selina tangu akiwa bado msichana mwenyewe, alilala Mama Selina, akaamka Mama Alute. Watu walibadilisha kwa urahisi sana, kama wanaohamisha chungu kutoka figa moja kwenda jingine. Yeye hakuzoea. Akiitwa, alikuwa anachelewa kuitika.

*

Siku ya kupura, uwanja wa Gasto ulijaa. Pombe ilikuwa tayari, uwele umetandazwa na kukaushwa, na vijana walijipanga mistari miwili wakitazamana, kila mmoja na gongo lake. Kupura kwao kulikuwa kwa wimbo. Mstari mmoja ukipiga, mwingine umeinua, na anayeshika zamu zisigongane ni yule anayeongoza kuimba. Miaka yote kiongozi alikuwa Alute. Sauti yake ilikuwa inajulikana mpaka ng'ambo ya mto, na kuna wazee waliokuja kwenye kupura kwa Gasto si kwa ajili ya pombe peke yake.

Wenzake walimwambia aanze. Alitikisa kichwa. Walimsukuma, wakamtania kwamba tangu apate ng'ombe amekuwa tajiri na tajiri haimbi bure, na Gasto, aliyesimama karibu na mitungi, akamwambia kwa sauti ya kuamrisha: anza. Akaanza. Kwa kitambo kidogo ikawa kama zamani, magongo yakashuka na kupanda, makapi yakaruka, na Redempta mlangoni akahisi kifua kinamfunguka. Halafu Alute akafika kwenye ubeti ambao dada huitikia. Kila mwaka Selina alikuwa anauitikia akiwa na ungo mkononi, kutoka pale penye wanawake wanaopepeta. Safari hii hakuitikia mtu.

Alute alinyamaza. Magongo yakagongana, kijana mmoja akapigwa kidole na kutukana. Alute akakaa chini juu ya uwele uliotandazwa, akalia bila sauti, machozi yakimteremka naye hayafuti.

Kulikuwa na kicheko kwanza, halafu kikakatika, na kule kukatika ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Shangazi yake Anastazia alisema, kwa namna ya kunong'ona ambayo uwanja mzima uliisikia, kwamba hajawahi kuona mwanamume analowesha uwele kabla haujaingia mtungini. Gasto akaja, akamwinua mwanawe kwa mkono mmoja, akamshikisha gongo na kumkunja vidole juu yake kimoja kimoja kama mtoto anayefundishwa kushika kijiko. Gongo likaanguka. Gasto akawageukia wanaume, akaomba radhi, akasema pombe ipo na kazi iendelee.

"Huyu keshokutwa yuko Kintinku," alisema, kwa nguvu, ili kila mtu ajue kwamba yeye kama baba hakulala.

Redempta aliingia ndani kuchota pombe. Alibaki mle muda mrefu kuliko pombe ilivyotaka.

*

Kesho yake, jua likiwa limeanza kuteremka, mama yake Gabrieli alikuja uwanjani kwa Redempta na mzigo uliofungwa ndani ya shuka. Gabrieli alikuwa mchungaji mwenzake Alute, waliozaliwa mwaka mmoja. Mama yule alikuwa mwanamke wa maneno mengi, ila siku hiyo alikaa chini, akasalimia, akaulizia mavuno, akaulizia kuku, akafika mwisho wa maswali. Ndipo akafungua shuka.

Mlikuwa na upinde, filimbi, bangili ya shaba aliyopewa Alute siku alipotoka jandoni, na mkanda wake wa ngozi.

"Amempa Gabrieli," alisema. "Vyote. Kijana wangu alifurahi, mimi nikaona haiwezekani, nikamwambia hivi tunavirudisha."

Redempta alisema labda ni kwa ajili ya safari, vijana hugawiana vitu mmoja akisafiri.

"Gabrieli naye alimwambia hivyo hivyo. Akamwambia, si utarudi kutoka Kintinku? Mwanao akajibu kwamba si kwa ajili ya Kintinku. Amesema tu hatavihitaji tena." Mama yule aliangalia pembeni. "Nimeona nikuletee wewe, Mama Alute, nisimpe baba yake."

Redempta alishukuru. Alimsindikiza mgeni mpaka njiani kama desturi, wakaongea habari za maji ya kisima, akarudi. Karibu na zizi akasimama, akashika mti wa lango. Alijua sasa. Mtu anayekwenda kufungwa mkatale hugawa ugoro wake na mabaki ya pombe. Hagawi bangili ya jandoni.

Gasto alipotoka kukagua ng'ombe alimkuta pale pale.

"Baba Alute," alisema, "mtoto wetu anatuaga."

"Anaaga kwenda wapi?"

Alimwonyesha shuka. Gasto alivitazama vile vitu bila kuvigusa, na uso wake ukabadilika rangi, kwa sababu hakuwa mjinga wala hakuwa mtu asiyempenda mwanawe.

"Ndiyo maana tunakwenda Kintinku," akasema.

"Anamkumbuka Selina."

Jina lilikuwa limetoka. Gasto aliwatazama ng'ombe kwanza, ndipo akamtazama mkewe. Alimwambia kwa upole asilitaje. Redempta akasema atalitaja, na kwamba anataka kumpeleka Alute Misigiri akamwone dada yake.

"Mama mkwe kwenye mji wa mkwewe? Bila kuitwa, na ndoa haina hata mwaka? Watasema umekuja kumchukua. Wataleta kesi kwa jumbe, ng'ombe watarudi wote. Na huyu Alute unayemlilia ataoa na nini?"

"Kwanza awe hai, Baba Alute. Mke baadaye."

Gasto hakufoka, wala hakuinua mkono. Alisema tu kwamba lori linaondoka kesho asubuhi na ameshazungumza na utingo. Kisha akaingia ndani. Redempta alimfahamu mumewe: likishakwisha kusemwa hivyo, limekwisha. Kwa hiyo hakugombana naye. Alidamka tu alfajiri, akamwamsha kijana, akamwambia achukue fimbo, na kulipopambazuka walikuwa wameshavuka mto.

*

Kutoka Mtinko mpaka Misigiri kwa miguu ni mwendo wa siku nzima na kipande cha ya pili. Alute hakuuliza wanakwenda wapi. Alitembea nyuma ya mama yake kama anavyotembea nyuma ya ng'ombe, na Redempta, mbele, alikuwa anatafuta maneno na hayapati.

Alijua kumwuliza mtoto kama amekula, kama anaumwa kichwa, kama amewafunga ndama. Kumwuliza moyo wake ukoje hakujua kunaanzia wapi, maana yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa. Aliletwa kwa Gasto akiwa mdogo kuliko Selina, na usiku na mchana wa mwaka ule wa kwanza alikuwa anamkumbuka mama yake mpaka tumbo linamuuma, na hakuna aliyemwambia kwamba maumivu yale yana jina. Alidhani ni maji ya huku.

Jua lilipokuwa kali walikaa kwenye kivuli kidogo cha mti wa miiba. Alimpa viazi. Akavishika mkononi.

"Mimi namkumbuka dada yako," Redempta alisema.

Alute aligeuka haraka, akatazama nyuma na mbele kama kuna mtu anayeweza kusikia.

"Namkumbuka kila siku," akaendelea, na sasa alipoanza alishindwa kusimama. "Nikisaga, nasaga unga wa watu wanne. Nikikumbuka kwamba tuko watatu, nakuwa nimeshapika, na ule ugali unaozidi namwaga kwa kuku kabla baba yako hajauona. Juzi nilisikia mtu anakohoa kisimani, nikaitika. Nilijua si yeye, nikaitika hivyo hivyo. Sijui kama wewe unamkumbuka. Sijakuuliza. Nilifundishwa nisiulize."

Kijana alikaa na vile viazi. Ndipo yale maneno aliyoyafungia tangu harusi yakatoka, kwanza kwa kukwama, halafu kwa mkupuo, mengine kwa Kinyaturu cha utotoni ambacho alikuwa hakitumii tena.

Alisema alimsikia baba yake na mshenga, siku walipokuwa wanahesabu ng'ombe, wakisema huyu anaolewa ili mdogo wake apate kuoa. Alisema siku ya harusi alimsindikiza Selina mpaka mtoni, na Selina alilia njia nzima na hakumtazama usoni hata mara moja, na hapo akajua kwamba anamlaumu. Kisha huko machungani Gabrieli akamtania. Alimwona anakunywa maziwa, akacheka, akamwambia, wewe unakunywa dada yako. Ulikuwa mzaha. Lakini tangu siku hiyo kila akipeleka kibuyu mdomoni anamwona Selina analia, na koo linajifunga.

"Kwa hiyo nikafikiri," alisema. "Ng'ombe ni wa kuolea mimi. Nisipokuwepo, hawana kazi. Baba atawarudisha, na dada atarudi nyumbani. Si ndivyo, mama?"

Mwanawe alikuwa amelihesabu jambo hilo peke yake huko porini, mwezi hadi mwezi, akalipata jibu, na jibu lilikuwa limenyooka kabisa kwa mtoto aliyelelewa katika nyumba yao. Alitaka kumwambia ni mjinga. Hakumwambia.

"Atarudi, ndiyo," alisema. "Atarudi kukuzika. Atakaa matanga, atalia kuliko siku ile ya mtoni, halafu atarudi kwa mume wake, na mimi nitabaki na nyumba ya kusaga unga wa watu wawili. Ndicho unachotaka?"

"Sikutaka kufa. Nilitaka tu nisiwepo."

"Najua," alisema Redempta. Akamvuta, kijana mkubwa vile mwenye ndevu, akamlaza kichwa mapajani pake, na mpita njia mmoja mwenye mbuzi akawatazama sana. Redempta akamwacha atazame. Walikaa hivyo mpaka kivuli kikahama. Kisha Alute akala kiazi kimoja. Si kwamba alipona. Alikula kiazi.

Jioni waliomba malazi kwa mwanamke mmoja mjane aitwaye Elizabeti. Alipomwuliza mgeni wake jina, kwa desturi ya kutaka kujua anamlaza nani, Redempta alinyoosha mgongo.

"Mimi ni Mama Selina," akasema.

*

Waliingia Misigiri asubuhi, umande ukiwa umeshakauka. Mji wa kina Laurenti ulizungukwa na ua wa minyaa, mrefu na wenye afya, na mbele ya lango Redempta akasimama. Mama mkwe haingii kwa mkwewe, wala hawatakiwi kuonana uso kwa uso. Alimwambia Alute aingie, yeye akabaki nje.

Ni jambo gumu kusimama nje ya ua wa mahali ambapo mtoto wako anaishi. Jua linakupiga, mbwa wanakunusa, watu wanaokwenda shamba wanakusalimu na macho yao yanakuuliza. Watoto walikuja kumtazama, wakaenda kuwaita wengine. Mwanamke mmoja alimwuliza kama amepotea. Redempta alisema hajapotea. Ndani alisikia mchi umesimama katikati ya kutwanga. Akasikia sauti ya binti yake ikiita jina la Alute, halafu miguu inakimbia.

Selina alitoka langoni na pumba kwenye nywele. Alipomwona mama yake alisita, akatazama nyuma kama kuna mtu atakayemkataza, kisha akamkimbilia. Mama yake Laurenti, mtu mzima mwenye busara zake, alikuwa amemwambia mwanawe apitie upande wa nyuma aende shamba, na sasa akamtuma mtoto alete kigoda na maji. Kisha akarudi ndani, akawaachia nafasi.

Alute ndiye aliyeanza, kwa sababu alikuwa amelibeba kwa muda mrefu na hakuweza tena kusubiri salamu ziishe.

"Dada," alisema. "Siku ile mtoni. Ulikuwa unalia kwa sababu yangu?"

Selina alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwa sababu yako? Laurenti nilimkubali mwenyewe. Nilimwambia shangazi, akampelekea baba habari. Wewe ulikuwa hata huna habari, ulikuwa na ng'ombe wako."

"Lakini hukuniangalia."

"Ningekuangalia nisingevuka mto." Alimshika mkono, akaona ulivyokonda, akaugeuzageuza. "Nilikuwa nalia kwa ajili ya mama. Nilipofika kwenye kona pale penye kichuguu niligeuka nimwone mara ya mwisho. Alikuwa amenipa mgongo, anafagia uwanja. Anafagia kwa nguvu, na uwanja ulikuwa umeshafagiwa asubuhi. Nikasema, kumbe ninaondoka na yeye ana kazi zake."

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayesimulia jambo lililokwisha. Na Redempta, aliyekuwa ameufagia uwanja ule mpaka ufagio ukakatika, kwa sababu ilikuwa ama afagie ama amkimbilie mtoto wake njiani na kumrudisha mbele ya mashemeji wote, alifungua mdomo aeleze. Hayakutoka maneno. Kilitoka kilio.

Hakikuwa kilio cha kujizuia kwenye khanga. Aliteremka kutoka kwenye kigoda, akakaa chini mavumbini, akalia kwa sauti kubwa, mchana, njiani, nje ya mji wa wakwe, akimlilia binti aliye hai na amesimama mbele yake. Watu walisimama. Watoto walirudi nyuma. Selina alipiga magoti kumshika, na Alute akakaa upande mwingine, akaweka mkono wake mgongoni kwa mama yake, akauacha pale.

Ndivyo alivyowakuta Gasto. Alikuwa ameazima baiskeli ya katekista na kuiendesha tangu jana, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alipoona kundi la watu, na mkewe yuko chini, maneno yalimpotea yote. Kumwuliza mke mbele za watu kungeongeza aibu, kwa hiyo alimgeukia mwanawe.

"Mama yako amefanya nini?"

Alute alisimama. Redempta, hata katikati ya kilio, aliona kwamba amemtazama baba yake machoni.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mama hajafanya kitu. Amemkumbuka Selina. Mimi pia nimemkumbuka, mpaka nilikuwa nataka kufa." Sauti yake ilikwaruza kwa kutotumika, lakini ilisikika. "Na wewe, baba?"

Swali kama hilo mtoto hamwulizi baba yake, si Mtinko, si Misigiri. Waliosimama waliona haya, wakakumbuka mashamba yao, wakaondoka. Gasto alibaki ameshika usukani. Yeye hakuzuiwa kuingia. Angeweza kupita lango lile, akapewa kiti na pombe, akazungumza na wazee wenzake habari za mvua, na jambo likazikwa. Selina alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama, anasubiri kujua kama atafukuzwa arudi ndani.

"Kila siku ya mnada," alisema hatimaye, na alikuwa anasema na gurudumu la baiskeli, "nawatafuta watu wa Iramba, nawauliza bei ya ng'ombe kwao. Wananiambia. Ile bei naijua, haijabadilika. Nauliza tu ili wakishanijibu niwaulize kama huko Misigiri watu ni wazima."

Aliilaza baiskeli ya watu chini, akakaa karibu na mkewe mavumbini, mzee mwenye zizi lililojaa, na kofia yake akaivua. Alimwambia Alute kwamba Kintinku hawaendi. Alisema kwamba kuhusu lori, ataelewana na utingo mwenyewe.

Selina akasogea kwa magoti, akainamisha kichwa, akamwamkia baba yake. Gasto alifungua mdomo aitikie marahaba, ikashindikana, akamwekea mkono kichwani na kuanza kumtoa pumba kwenye nywele.